Siku Binti Yangu Aliponipekua

Kazi yangu ni kuwa raia. Najua inachekesha, hata mjukuu wangu hucheka nikimwambia, lakini ndivyo ilivyo. Kampuni imejenga kijiji cha uongo nyuma ya kambi ya zamani ya jeshi. Sisi akina mama na wazee wachache tumeajiriwa kukaa humo kutwa nzima ili vijana wao wajifunze kutuvamia. Nyumba yangu ni ya tatu kutoka kisimani, na kisima chenyewe hakijawahi kuona maji. Huko kazini hakuna anayejua jina langu. Naitwa Mama wa Tatu.

Nyumba ina sebule na chumba kimoja. Kitanda kimefungwa sakafuni kwa nati ili wasikipindue. Sufuria haina kitako. Dari hakuna, juu wamepitisha vijia vya mbao, na wakufunzi hutembea humo wakituangalia kama mtu anayechungulia kuku bandani. Mlango unavunjwa kila siku, na kila asubuhi fundi seremala anakuja na bawaba zake kuupachika upya. Sokoni, yaani kwenye meza mbili zilizo mbele ya nyumba ya kwanza, kuna ndizi za plastiki zilizopauka kwa jua. Moja ina alama za meno. Mpaka leo hatujajua ni nani aliyejaribu.

Nilipewa na mume pia. Ni kinyozi mstaafu mwenye magoti mabovu, na karibu kila siku anapigwa risasi.

"Mume wangu, leo unakufa saa ngapi?" humwuliza nikifika.

"Kabla ya chai, mke wangu. Wakichelewa nitakufa mwenyewe kwa njaa."

"Jitahidi basi uangukie kwenye mkeka. Jana ulilalamika kutwa nzima kama mjamzito."

Mume wangu wa kweli alikufa zamani, kwa ugonjwa wa kifua. Kinyozi anajua hilo na hajawahi kuvuka mpaka. Wakati mwingine, tukisubiri kuvamiwa, ananiuliza habari za nyumbani kwangu, za kweli, nami namweleza. Kwa hiyo yeye peke yake pale kazini ndiye aliyejua kwamba yule askari wa zamani wa chumba cha redio, yule ambaye wenzake walimwita Masikio, ni binti yangu wa kwanza.

Masikio aliingia jeshini mara tu alipomaliza shule. Nilikuwepo siku alipokula kiapo mbele ya bendera. Nililia mpaka mama mmoja nisiyemjua akanipa leso yake. Sikulia kwa fahari, kama wengine walivyodhani. Mimi ni mtu wa hofu. Hata mtoto akikohoa chumba cha pili naamka. Lakini nilijipa moyo: hili ni jeshi la nchi, likimchukua mwanangu litajua pa kumrudisha.

Halafu Kampuni ikaja. Ilianza na jiko. Wapishi wa jeshi wakaondoka, wakaja wa Kampuni, tukasema sawa, chakula ni chakula. Ikachukua magari. Ikachukua lango, ukawaona watu waliovaa fulana za kijivu wanawalinda wanajeshi, na mwanajeshi na cheo chake begani anatoa kitambulisho kwa mlinzi ili aruhusiwe kuingia kambini kwake. Mwisho ikafika kwenye chumba cha redio. Humo ndimo binti yangu alimokuwa akikaa na hedifoni kichwani, akisikiliza watu wa ng'ambo ya mpaka wanasemaje.

"Hata siri za nchi zimeuzwa?" nilimwuliza siku aliporudi nyumbani na begi lake lote.

"Hazijauzwa, mama. Kazi amepewa mkandarasi."

"Mkandarasi si wa barabara?"

"Siku hizi kuna hata wa masikio."

Waliambiwa anayetaka kubaki avue nembo, avae fulana ya kijivu, asaini. Kiapo hakuna. Akasaini. Alikaa kwenye kiti kile kile, akisikiliza sauti zile zile, ila sasa alichokisikia kilipelekwa kwa mtu anayeitwa mteja.

"Mteja ni nani?"

"Hatuambiwi."

"Sasa akishinda mtajuaje kushangilia?"

Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka, akaenda kumwogesha mwanawe.

Haukupita muda, ile kazi ya kusikiliza ikapewa mashine zilizo sehemu nyingine. Kampuni ikawaita wanawake waliokuwa kwenye kile chumba na kuwapa kazi nyingine. Wateja wao wa nje wana malango, na malangoni wanapita wanawake, na mwanamume hawezi kumpapasa mke wa watu bila kuzusha balaa. Walitaka wanawake wa kuwapekua wanawake. Atakayefaulu mafunzo anaondoka kwa miaka miwili. Wapi? Binti yangu hakunificha. Hakujua.

Hapo ndipo usingizi uliponipotea. Sababu ni fundi seremala, yule anayepachika milango yetu. Mwanawe mkubwa aliondoka na Kampuni, akawa anapiga simu kila mwisho wa wiki, kisha simu zikakoma. Fundi alipoulizia, aliambiwa kwamba kijana "ametoka kazini." Ametokaje, amekwenda wapi, yuko hai? Akaenda makao ya jeshi. Jeshi likasema huyo si wetu, alishavua nembo. Akarudi Kampuni. Wakamwambia mkataba wa mteja hauruhusu kutaja mahali. Walimkaribisha kiti, walimpa soda, walimwita mzee wetu. Mtu hawezi hata kuanua matanga kwa neno kama lile. Fundi amebaki hivyo, si mfiwa, si mzima. Asubuhi anapachika milango, na akigonga msumari hugonga taratibu sana, kana kwamba ndani kuna mgonjwa amelala.

Nilimweleza binti yangu yote hayo.

"Namjua fundi, mama. Kila mtu anamjua."

"Na bado unakwenda?"

"Nibaki nifanye nini? Chumba chetu wamekifunga. Jeshi halinirudishi. Ninachokijua mimi ni kambi."

"Kaa na mwanao."

"Na wewe je? Si unakwenda pale pale kila siku? Hiyo chai unayokunywa ni ya nani?"

"Mimi napigiwa kelele tu. Jioni narudi."

"Basi na mimi nitarudi."

"Fundi naye aliambiwa hivyo."

Binti yangu akikasirika hapayuki. Anatazama kipaji cha uso wako badala ya macho, na hapo ujue mazungumzo yamekwisha.

Jioni hizo alikuwa akifanya mazoezi sebuleni kwetu, mwanafunzi wake akiwa mwanawe mwenyewe. Anamsimamisha ukutani, mikono juu, anaanza na nywele, kola, makwapa, kiuno, anatumia mgongo wa kiganja. Mtoto anavunjika mbavu kwa mtekenyo. "Tena, mama! Tena!" Naye anaanza upya, uso mkavu, huku midomo yake ikihesabu mahali alipopita. Mimi nilikuwa nimekaa na ufagio mkononi, sifagii. Nilikuwa nachunguza mikono yake inaruka wapi. Ilikuwa haraka kila mahali, lakini ikifika kifuani ilipita juu juu, kama mtu anayepita mbele ya mlango wa wakwe.

Nikaliweka hilo moyoni.

Pale kwetu kuna amri kwamba mwenye ndugu miongoni mwa wanafunzi aseme, ahamishiwe nyumba nyingine. Nilikaa kimya. Kinyozi alinitazama sana asubuhi ile ya mtihani.

"Mama wa Tatu, wanaopimwa leo ni wale wapekuzi."

"Nimesikia."

"Na yule wako yumo."

"Nimesikia, mume wangu. Kazi yako ni kufa. Kufa."

"Haya," alisema, akakunja mkeka wake na kuuweka mahali atakapoangukia. "Ila mimi nikifa nafumba macho. Wewe utabaki unaona."

Msimamizi wa mitihani anaitwa Meja. Alikuwa meja kweli enzi za jeshi. Kampuni inamwita meneja wa mafunzo, lakini ukimwita meneja hageuki. Alitukusanya kisimani kabla ya kuanza, wanafunzi upande mmoja, raia upande wa pili. Binti yangu alikuwa mstari wa mbele, fulana ya kijivu, nywele amezisuka kwa nyuma. Hakunitazama hata kidogo.

"Mpekuzi ana maneno matatu," Meja alisema. "Inua. Panua. Geuka. La nne halipo. Mteja hataki mpekuzi mwenye maneno na watu wanaopita. Leo unamwambia pole, kesho unampigia simu. Wa kundi lililopita alimwambia mama mmoja hapa 'pole,' akalala kwao siku ile ile. Tumeelewana?"

"Ndiyo, Afande!" Kampuni haitaki neno hilo pia, lakini ulimi umeshazoea.

Halafu akapita kwa sisi akina mama, akatupa kila mmoja kidude. Ni kijisanduku cha plastiki, kidogo kama kiberiti, chenye taa nyekundu. Hicho kinahesabiwa kuwa bomu. Unakificha popote mwilini ambapo mwanamke angeficha. Mpekuzi asipokiona, Meja anabonyeza kitufe huko juu, king'ora kinalia, wote waliomo ndani wamekufa, na mpekuzi anarudishwa nyumbani kwao. Nyumbani kwao. Nilirudia maneno hayo kichwani kama mtu anayesali.

Wenzangu huficha kwenye kilemba, au kwenye pindo la gauni, au viatuni. Mimi niliingia chumbani kwangu kwa uongo, nikamgeuzia kinyozi mgongo, nikakitia ndani ya sidiria, chini kabisa, ziwa la kushoto. Binti yangu alinyonya hapo. Nilijua hatapeleka mkono, mbele ya wanaume, mchana kweupe, kwenye kifua cha mama yake. Ningeweza kuapa. Nilimlea mimi.

Wakaja. Mlango ukaenda, bawaba moja ikaruka hadi ukutani. Vijana wanne, kelele, "Chini! Chini! Mikono!" Kinyozi akapigwa risasi za rangi akaanguka kwenye mkeka vizuri kabisa, akasema "oooh, magoti," kisha akafa. Mimi nikasukumwa ukutani. Uso wangu ulikuwa karibu na mbao, nasikia harufu ya gundi mpya ya fundi.

"Mpekuzi!"

Nikasikia viatu vyake. Watoto wangu nawajua kwa hatua, wote.

"Inua," alisema.

Sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya pale kambini. Nikainua mikono.

"Panua."

Nikapanua miguu. Akaanza kichwani. Vidole vyake vilipita kwenye nywele zangu, mstari kwa mstari, nyuma ya masikio, kwenye kola. Makwapa. Mgongo. Alipofika kifuani alipitisha mgongo wa kiganja kwa juu, haraka, kama nilivyokuwa nimeona sebuleni. Kiuno. Mapaja. Akachuchumaa, akavua viatu vyangu kimoja kimoja, akavikung'uta.

"Geuka."

Nikageuka. Sasa alikuwa mbele yangu, ananitazama kipaji. Akapita tena, juu hadi chini. Kifuani akaruka tena. Nikasema moyoni, basi, imekwisha, anarudi nyumbani, mtoto wake atalala na mama yake. Na wakati huo huo niliona aibu imenipanda mpaka masikioni. Maana nilikuwa nimetumia adabu yake kumnasa.

Juu, mbao zikalia. Meja alikuwa amesimama pale, kidole kwenye kitufe.

Binti yangu akasimama wima. Mkono wake ulianza kurudi pembeni, halafu ukasita. Aliacha kutazama kipaji. Akanitazama machoni, na nadhani hapo ndipo alipojua. Si kwa kupapasa. Aliona uso wangu tu. Toka akiwa mdogo sikuweza kumficha kitu. Nikiwa nimenunua sukari, nikiwa nimelia, anaona. Akainama karibu na shingo yangu, kana kwamba anaangalia kola, akasema kwa pumzi tu:

"Nisamehe, mama."

Mkono ukaingia. Ulikuwa wa baridi. Ulikwenda moja kwa moja, bila papara, ukatoka na kile kidude, naye akakiinua juu.

"Nimepata!"

Vijana wakapiga makofi. Kinyozi akafumbua jicho moja. Mimi nikafunga kifungo cha gauni, nikakosea tundu.

Lakini Meja hakushangilia. Alishuka ngazi polepole, akaingia kwa mlango uliolala chini, akasimama katikati yetu.

"Nimeona midomo," alisema. Akamgeukia binti yangu. "Umemwambia nini raia?"

Binti yangu alinyoosha mgongo, macho mbele. Hakujibu. Najua kwa nini hakujibu. Hajazoea kusema uongo, na kweli ingemtoa.

Meja akanigeukia. Alikuwa na adabu kwangu, siku zote ana adabu. "Mama wa Tatu. Wewe ndiye shahidi. Huyu amekuambia nini?"

Sijawahi kuulizwa swali kubwa vile na mtu yeyote. Shule niliishia darasa la nne. Watu huniuliza bei na njia. Na jibu lilikuwa tayari mdomoni. Ningesema kweli tu, bila kuongeza wala kupunguza: ameniomba msamaha. Leo hii angekuwa nyumbani. Nisingekuwa nimemsingizia wala kumfanyia hila. Kweli ingefanya kazi yote.

Nikamwangalia. Alikuwa amesimama kama mti, na shingoni mshipa unacheza. Nikawaza atakavyotolewa pale mbele ya wenzake, Meja akiwaambia wote kosa lake ni nini. Kosa lenyewe ni kwamba aliona haya. Neno lile moja, katika yote waliyomfundisha na kumvua, ndilo pekee lililotoka kwangu. Niliwaza nikilichukua hilo nikampa Meja, mwanangu atakaa nyumbani kweli, atakula mezani kwangu, lakini hataniambia tena neno kama lile. Nisingemlaumu.

"Aliniambia nigeuke," nikasema.

"Alikuwa ameshasema geuka. Nilisikia."

"Sikugeuka vizuri, Afande. Mimi kiuno kinanisumbua. Akarudia."

Kinyozi, maiti, akasema kutoka kwenye mkeka, "Ni kweli. Mke wangu huyu kiuno kinamsumbua sana."

"Wewe umekufa!" Meja akafoka.

"Samahani, Afande."

Vijana wakacheka, na Meja naye, nadhani, akachoka. Alituangalia mimi na binti yangu, mmoja mmoja. Tunafanana paji la uso. Kila mtu husema. Akasema, "Amefaulu. Nyumba ya nne, jiandaeni," akapanda ngazi.

Tulirudi nyumbani pamoja mchana ule, kila mmoja upande wake wa barabara mpaka tulipofika mbali na lango, kisha akavuka akaja upande wangu.

"Ulikiweka pale makusudi," alisema.

"Ndiyo."

"Ulijua nitaona haya."

"Nilijua."

"Niliona, mama. Mpaka sasa naona."

Tulitembea. Alinipokea mfuko wangu ingawa haukuwa na kitu.

"Na mbona hukusema? Alikuuliza."

"Umri huu niwe mchongezi?" nikamjibu.

Aliondoka baada ya wiki chache. Basi la Kampuni lilikuwa na mapazia, na hawakuruhusu ndugu kusogea, kwa hiyo tulipunga mkono kwa mapazia yote. Mtoto hakulia. Alikuwa na pipi.

Mimi bado ni raia. Wapekuzi wapya wamekuja, na Meja amewafundisha kutokana na ile siku: kwa Mama wa Tatu, anzeni kifuani. Wanaanzia hapo. Wana mikono mizuri, ya haraka, na hawasemi neno la nne. Nimehamishia kidude kwenye kilemba kama wenzangu. Kinyozi alinipa pole mara moja tu, kisha akaniuliza kama naona ana dalili za kufa kabla ya chai.

Binti yangu hupiga simu, si kila wiki. Mwanzoni niliuliza mambo mengi: huko ni asubuhi au jioni, kuna baridi, watu wa huko wanasema lugha gani. "Hilo siruhusiwi, mama," anasema, na nasikia kwamba pembeni yake kuna mtu. Kwa hiyo siulizi. Namwachia mwanawe azungumze kuhusu jino lililong'oka, halafu mimi nasikiliza nyuma ya sauti yake, kama yeye alivyokuwa akifanya kwenye kile chumba, kama nitapata mlio wa gari au wa ndege. Sijapata kitu.

Juzi alisema miguu inamvimba kwa kusimama.

"Loweka kwenye maji ya uvuguvugu na chumvi," nikamwambia. "Beseni zima."

"Maji huku ni ya mgawo, mama."

Nikanyamaza, nisije nikamtia matatani. Nikamwambia basi akilala aiweke miguu juu ya mto. Akasema sawa. Simu ikakatika yenyewe, kama zinavyokatika zote. Nilikuwa na nguo za mtoto kwenye beseni, nikarudi kufua. Niliposuuza nilitumia maji kidogo sana. Sasa nina kitu kimoja ninachokijua kuhusu mahali alipo: maji ni ya mgawo.